Je, Wajua? Rubondo, Kisiwa cha Wanyama Waliovushwa

Je, wajua kwamba mtu wa Ntobeye yuko karibu zaidi na kisiwa chenye tembo kuliko alivyo karibu na fukwe za Unguja? Sisi watu wa Ngara tukisikia likizo ya kisiwani, mawazo yanakimbilia Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu: basi hadi Dar es Salaam, boti hadi Zanzibar, kisha hoteli huko Nungwi. Kumbe Kisiwa cha Rubondo kipo upande wetu wa nchi, kusini magharibi mwa Ziwa Victoria. Ukitoka Ntobeye alfajiri, ukashika barabara kuu ya Rusumo hadi Lusahunga, ukakata kwenda Biharamulo na kuteremka Chato, jioni hiyo hiyo unaweza kuwa umefika ziwani.

Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 457, na karibu nusu yake ni maji. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 28 hivi, kimefunikwa na msitu mzito, na kimezungukwa na visiwa vidogo ambavyo ndege na mamba wamejigawia. Fukwe za mchanga zipo, miamba ipo, mafunjo yapo. Hakuna kijiji hata kimoja.

Je, wajua kwamba Rubondo iko karibu na ikweta kuliko Zanzibar? Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Rubondo iko nyuzi 2 na kidogo tu. Kwa hesabu hiyo ndicho kisiwa cha kitropiki hasa. Hata hivyo huwezi kuvuja jasho kama Forodhani mwezi wa pili, kwa sababu uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Usiku utatafuta blanketi. Anayetoka kwenye baridi ya milima ya Ngara atajisikia yuko nyumbani. Anayetoka Tanga aje na sweta.

Je, wajua kwamba Biharamulo ilikuwa na ziwa? Pwani yote ya Chato, pamoja na mialo yake ya wavuvi, ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo kabla Chato haijawa wilaya inayojitegemea. Mwaka 2012 Chato ikaingia Mkoa mpya wa Geita. Mzee yeyote wa Biharamulo aliyesafirisha ndizi na maharage kwenda Muganza, huko Chato, atakwambia kwamba ramani ilibadilika lakini soko halikuhama. Ukipita Biharamulo mjini, simama ulione boma la Wajerumani lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kuta zake nene bado zimesimama, na ni mahali pazuri pa kunyoosha miguu kabla ya kuendelea na safari.

Sasa tufike kwenye jambo linalonifanya niipende Rubondo kuliko kisiwa kingine chochote cha nchi hii.

Je, wajua kwamba karibu kila mnyama mkubwa unayemwona kwenye nchi kavu ya Rubondo, yeye au babu yake, aliletwa na binadamu? Kiboko, mamba, nzohe, pongo, tumbili, fisi maji, kanu na chatu ni wenyeji. Tembo ni mgeni. Twiga ni mgeni. Mbega, wale weusi kwa weupe wenye mkia kama mgwisho, ni wageni. Sokwe ni wageni wa mbali zaidi kuliko wote. Kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, aina saba za wanyama zilivushwa maji na kuachiwa huko, na msukumo mkubwa ulitoka kwa Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt huko Ujerumani. Ni yule yule aliyeitangaza Serengeti duniani kwa filamu na kitabu, na ambaye mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege katika Serengeti hiyo hiyo Januari 1959. Wazo lilikuwa rahisi kulieleza: tafuta mahali ambapo jangili hafiki kirahisi na simba hayupo, peleka huko wanyama walio hatarini, waache wazaane.

Kulieleza ni rahisi. Kulifanya ni kazi nyingine. Fikiria twiga kwenye chombo cha majini. Twiga 12 walipelekwa. Tembo walikuwa 6 tu, walioletwa mwaka 1972 na 1973, na hao sita ndio mababu na mabibi wa kundi lote linalovunja matawi kisiwani leo. Faru weusi 16 waliachiwa katikati ya miaka ya 1960, na hapo ndipo moyo unapouma: hakuna aliyesalia. Majangili waliwafuata hata huko, maji yote yale yasiwazuie. Korongo nao, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, walitoweka. Kwa hiyo mgeni anayesimama Rubondo na kushangilia tembo ajue pia kwamba anatembea kwenye ardhi iliyopoteza faru wake wote. Sioni sababu ya kulificha hilo kwenye vipeperushi vya utalii. Ndilo linaloonyesha thamani ya kila mnyama aliyebaki.

Nao sokwe? Hawa wana hadithi inayostahili nafasi zaidi.

Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 waliachiwa Rubondo kwa makundi. Hawakutoka Gombe wala Mahale, ambako Tanzania ina sokwe wake wa asili. Walitoka Ulaya. Wengi walikuwa wamekamatwa wakiwa watoto katika misitu ya Afrika Magharibi, wakauzwa, wakaishi kwenye bustani za wanyama na kwenye sarakasi. Wapo waliokuwa wamekaa nyuma ya nondo kwa miaka. Wakavushwa bahari hadi Dar es Salaam, wakavuka nchi nzima hadi ziwani, wakavushwa tena maji hadi kisiwani, na milango ya makreti ikafunguliwa. Hakuna aliyewafundisha chakula cha msituni. Hakuna aliyewaonyesha namna ya kukunja matawi kutengeneza kitanda juu ya mti, kazi ambayo mtoto wa sokwe huitazama kwa mama yake kwa miaka. Lilikuwa jaribio la kwanza la aina yake, na wataalamu wa leo wasingethubutu kulifanya kwa namna ile.

Wakaishi. Wakajifunza majani ya kula na matunda ya kuacha. Siku hizi mojawapo ya vyakula vyao ni mabungo, tunda lile lile la mtambazi ambalo watu wa pwani wanalikamua juisi. Wakajenga viota. Wakazaa watoto ambao hawakuwahi kuona nondo, na watoto hao wakawakwepa binadamu kama sokwe wa porini anavyopaswa kufanya. Leo wamekuwa makumi kadhaa. Kwa miaka mingi ilikuwa bahati kubwa kuwaona, kwa sababu walikuwa wanakimbia. Baadaye watafiti na askari wa hifadhi walianza kazi ya subira ya kuwafuata kila siku, bila kuwapa chakula na bila kuwagusa, mpaka wakazoea kwamba binadamu anaweza kusimama kando akatazama tu. Ndiyo maana mgeni wa sasa anaweza kwenda kuwatafuta kwa miguu akiongozwa na askari wa hifadhi.

Ukienda, fuata masharti bila kunung'unika. Mwenye mafua au kikohozi abaki kambini, kwani sokwe hupata magonjwa yetu ya kifua na yanaweza kuwaua. Usile mbele yao. Usitupe ganda la ndizi. Utatembea kwa saa nyingi kwenye msitu wenye unyevu, mbung'o watakuuma, na pengine utarudi ukiwa umesikia makelele yao tu juu ya kilima. Hata hayo makelele yanatosha. Anaanza mmoja, kwa sauti ya chini inayopanda, wa pili anadakia, kisha kundi zima linalipuka, na mmoja wao anapiga mizizi mikubwa kwa viganja kama ngoma. Nywele zinakusimama.

Je, wajua kwamba kuna kasuku pia waliopewa hifadhi Rubondo? Mwaka 2000, kasuku wa kijivu waliokuwa wamenaswa kwenye biashara ya magendo waliachiwa kisiwani. Kasuku huyu, mwenye mkia mwekundu na uwezo wa ajabu wa kuiga maneno, makazi yake ya asili yanatoka Afrika Magharibi yakapita Kongo na kuishia Uganda, magharibi mwa Kenya na kona hii yetu ya kaskazini magharibi. Uzuri wake ndio uliomponza. Amekamatwa na kuuzwa nje kwa wingi mno, hadi mwaka 2016 mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini. Anaishi muda mrefu, zaidi ya miaka 40 akitunzwa. Ukisikia mluzi mkali juu ya vilele vya miti asubuhi, inua kichwa.

Je, wajua kwamba kabla ya tembo kuletwa, watu waliondolewa? Rubondo ilikuwa na wakazi. Walikuwa wavuvi na wakulima, wengi wao Wazinza, na walihamishiwa nje ya kisiwa katika miaka ya 1960 eneo lilipogeuzwa pori la akiba. Mashamba yao yalimezwa na msitu. Ukiwa na mwongozaji anayetoka vijiji vya Chato au Geita, muulize kuhusu watu hawa. Ni sehemu ya kisiwa kama walivyo sokwe. Ninaamini mgeni anayejua jambo hili anatembea kwa adabu zaidi.

Wala si visiwa vya Rubondo pekee vilivyoondolewa watu ziwani humu. Upande wa Uganda, visiwa 84 vya Ssese vilikumbwa na ugonjwa wa malale mwanzoni mwa karne ya 20, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki. Daktari Mjerumani Robert Koch, mshindi wa Tuzo ya Nobel, aliweka kambi huko mwaka 1906 na 1907 akijaribu dawa iitwayo atoksili. Dawa ilipunguza vimelea, lakini baadhi ya wagonjwa walipofuka. Leo Ssese ni mahali pa hoteli na mikahawa ya mchangani, na feri inaleta wanandoa wapya kutoka Kampala.

Nasi watu wa Ngara tuna kumbukumbu yetu ya kuvusha na kuvushwa. Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda, na katika muda wa siku moja hivi wapatao 250,000 walikuwa wameingia wilayani kwetu. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa wa turubai. Mapori ya jirani, Burigi, Kimisi na Biharamulo, yalipata kipigo: kuni zilikatwa, wanyama waliwindwa, na idadi yao ikashuka sana. Mwaka 2019 mapori hayo matatu yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Kwa mtu wa Ntobeye hifadhi hiyo ni ya jirani kabisa, na ndani yake kuna Ziwa Burigi lenye viboko, mamba na ndege wa kila rangi. Familia isiyoweza kulipia safari ya kisiwani yenye boti inaweza kuanzia hapo.

Je, wajua kwamba Rubondo huwezi kumkuta simba wala chui? Jambo hili linabadilisha likizo nzima. Katika hifadhi nyingi za Tanzania mgeni hufungiwa ndani ya gari toka asubuhi hadi jioni. Hapa unatembea. Askari mwenye bunduki anakuongoza, kwa sababu tembo na kiboko hawana mzaha, lakini miguu yako iko ardhini: unaona siafu wakivuka njia, unanusa maua, unasikia jani likianguka. Hata wanyama wanajua kwamba hawana wa kuwakimbiza usiku. Nzohe kwingineko hujificha kwenye matete saa zote. Huku Rubondo anatoka hadi msituni.

Mtazame nzohe vizuri ukimpata. Kwato zake ni ndefu na hupanuka anapokanyaga, kwa hiyo anatembea juu ya tope na mafunjo mahali ambapo pongo angezama. Akitishwa, anaingia majini na kuzama mwili wote, akiacha pua tu juu. Dume ni wa kahawia iliyokolea, jike ni mwekundu wa hudhurungi, na mgeni wa mara ya kwanza huapa kwamba ameona wanyama wawili tofauti.

Je, wajua kwamba mchanga ndio unaoamua mamba atakuwa dume au jike? Mama hufukia mayai ufukweni, na joto la shimo katika wiki za katikati ndilo linalopanga jinsia ya watoto. Akisikia sauti zao ndani ya mayai, hufukua na kuwabeba mdomoni hadi majini. Mayai hayo na mama yao ni sababu tosha ya kutokaa kwenye mchanga wowote tu utakaouona.

Na kuogelea? Usiogelee. Najua likizo ya kisiwani bila kuogelea inaonekana si likizo, lakini maji ya Rubondo yana mamba na viboko, na kando ya Ziwa Victoria kwa ujumla kuna konokono wanaobeba kichocho. Kisiwa hiki kina mengine ya kufanya majini.

Kwa mfano, kuvua. Rubondo inaruhusu uvuvi wa ndoano wa burudani kwa kibali, na samaki anayetafutwa ni sangara. Sangara anaweza kupita kilo 100, na wavuvi wageni huvuka mabara kuja kushindana naye. Wavuvi wa biashara hawaruhusiwi kutega ndani ya mipaka ya hifadhi, maana haya ni mazalia: samaki wanaokua hapa ndio wanaosambaa na kujaza nyavu za Chato, Nkome na Sengerema.

Je, wajua kwamba sangara mwenyewe ni mgeni, kama tembo wa Rubondo? Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kabla yake ziwa lilikuwa la furu, samaki wadogo wenye mifupa mingi ambao bibi zetu waliwakausha na kuwapika kwa karanga. Kulikuwa na zaidi ya spishi 500 za furu, na nyingi hazikupatikana mahali pengine duniani. Wanasayansi wamegundua kwamba ziwa lote lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Ina maana maajabu hayo ya furu yalitokea ndani ya muda mfupi mno kwa kipimo cha viumbe. Sangara alipoongezeka katika miaka ya 1980, spishi nyingi zilitoweka kabla hazijapewa hata majina. Kwa upande mwingine viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza na Musoma, na maelfu ya watu wakapata riziki. Siku hizi sehemu ya sangara inayogombaniwa zaidi ni bondo, kifuko cha hewa kilicho tumboni, kinachokaushwa na kuuzwa Asia kwa bei inayoishinda nyama yake. Sato wa kwenye sahani yako ya chakula cha mchana Muganza naye aliletwa na kumsukuma kando ngege wa asili.

Kamongo, huyo ni mwenyeji wa kale. Ana mapafu. Asipopanda juu kuvuta hewa anakufa maji, ingawa ni samaki. Dimbwi likikauka anajichimbia kwenye tope, anajifunika kwa ute, anasubiri mvua kwa miezi.

Ndege wa Rubondo ni wa kumaliza siku kadhaa. Furukombe yuko karibu kila ghuba: kichwa cheupe, kifua cheupe, mabawa meusi, na mlio unaosikika kutoka ng'ambo. Nimewahi kumtazama akishuka kwa samaki mzito kuliko nguvu zake. Alichomeka kucha, akashindwa kupaa, hakuachia. Alipiga maji kwa mabawa kama mtu anayepiga kafi, hatua kwa hatua, hadi mchangani, na alipofika alisimama juu ya samaki wake akihema huku manyoya yakichuruzika. Nahodha alizima injini tukasubiri amalize. Kwenye visiwa vidogo yangeyange, mnandi na ndege wengine wa majini huzaa kwa wingi hadi miti inageuka myeupe kwa kinyesi, na harufu inakufikia kabla ya boti kufika. Kuanzia Desemba hadi Februari ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wanaongezeka.

Usiku ziwa lina maisha yake. Je, wajua kwamba wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu? Dagaa hufuata mwanga. Mvuvi huelea na taa juu ya maji, zamani karabai, sasa zaidi taa za betri na sola, akisubiri dagaa wakusanyike chini yake kabla ya kuwazungushia wavu. Mwezi ukiwaka ziwa zima, taa yake haina kazi. Kwa hiyo likizo yako ikiangukia siku za giza, kaa ufukweni baada ya chakula cha jioni utazame upande wa nje ya mpaka wa hifadhi: mstari wa taa utakaouona ni mji wa watu walioko kazini. Asubuhi mzigo wao utaanikwa kwenye mchanga na kwenye vichanja vya nyavu huko bara, na mchana utakuwa umegeuka fedha inayong'aa juani.

Ziwa hili linatengeneza hali ya hewa yake lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo unavuma kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, mawingu yanapanda na radi zinapiga hadi karibu na alfajiri. Bukoba inapata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka kwa sababu hiyo hiyo. Muulize nahodha kabla ya kupanda, vaa jaketi okozi hata kama safari ni fupi, na ukiona boti imejaa kupita kiasi ishuke. Tulizika watu wengi mno baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, na tena baada ya MV Nyerere kupinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018.

Ukiona moshi mweusi ukipanda kutoka majini bila moto wowote, usishtuke. Ni wadudu wadogo wa ziwa, mamilioni kwa mamilioni, waliotoka majini siku moja kwenda kujamiiana hewani. Hawaumi. Kando ya ziwa hili wapo wanaowakusanya kwa sufuria zilizopakwa mafuta na kuwakanda kuwa mikate yenye protini nyingi. Mtu wa Kagera anayesubiri senene kila Novemba hawezi kulishangaa hilo.

Je, wajua kwamba safari ya wanyama wa Rubondo inahusiana na kisiwa kidogo kilicho mbele ya jiji la Mwanza? Saanane, kilichoitwa kwa jina la mzee aliyekuwa akiishi hapo, kilifanywa bustani ya kwanza ya wanyama Tanzania mwaka 1964, na moja ya malengo yake lilikuwa kuwahifadhi kwa muda wanyama waliokuwa wakielekea Rubondo. Mwaka 2013 kilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Pamoja na maji yake ni kilomita za mraba 2.18 tu, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Boti kutoka mjini huchukua dakika chache, na kwa safari ya wanafunzi sijui mahali panapofaa zaidi kuanzia.

Visiwa vingine vya ziwa hili nivitaje kwa ufupi. Musira kinatazamana na Bukoba, kina majabali, mapango na wavuvi. Bumbire, wilayani Muleba, kina historia yenye damu: mwaka 1875 Henry Morton Stanley, aliyekuwa akilizunguka ziwa kwa mashua yake Lady Alice, aligombana na wenyeji, akarudi miezi michache baadaye na bunduki, na watu wengi wakauawa ufukweni. Hata magazeti ya Uingereza yalimlaumu. Ukerewe nayo, iliyo kubwa kuliko visiwa vyote vya ziwa hili, imetupa mwandishi Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945; ilichapishwa kwa Kiswahili miaka zaidi ya 30 baadaye.

Na je, wajua kwamba maji ya Ngara yanafika ziwani kabla yako? Mto Ruvuvu unaungana na Kagera karibu na Rusumo, unapita maporomoko ambako sasa kuna mitambo ya umeme ya megawati 80 inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, kisha Kagera unazunguka kaskazini na kuingia Ziwa Victoria upande wa Uganda. Hakuna mto mwingine unaoingiza maji mengi zaidi ziwani. Humo humo husafiri magugu maji, mmea wa maua ya zambarau kutoka Amerika Kusini ambao tangu mwisho wa miaka ya 1980 umeziba mialo na kukwamisha injini za boti. Tunachokitupa bondeni kwetu, chupa, mbolea, udongo wa mashamba yasiyo na matuta, kinasafiri njia hiyo hiyo.

Kwa anayetaka kwenda: Juni hadi Agosti ni kiangazi, njia za msituni ni kavu. Masika yana vipepeo na okidi, na tope. Boti huondokea Kasenda, karibu na Muganza, na ndiyo njia fupi. Nkome, upande wa Geita, ni mbali zaidi majini. Wasiliana na hifadhi mapema ili boti na malazi vipangwe, makao makuu yao yako Kageye ndani ya kisiwa, na mabanda ya kulala ya gharama nafuu yapo pamoja na kambi za kifahari. Beba kitambulisho cha taifa, maana Mtanzania hulipa kwa shilingi na kiingilio chake ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa nje. Beba mchele, maharage na mkungu wa ndizi kutoka nyumbani, kwa sababu kisiwani hakuna soko. Mikono mirefu ni kwa ajili ya mbung'o, nao hupenda nguo za bluu na nyeusi, vaa kaki.